Tanki Halikupita Kati ya Mawe

Ukisimama mlangoni kwangu, huku juu mlimani Bugarika, Mwanza, Ziwa Victoria unaliona limelala pale chini, jeupe asubuhi, la bluu mchana. Wageni wakija kutoka Dar hupiga picha. Kisha wanaomba kunawa, wanafungua koki, na koki inakohoa.

Kwetu maji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki, usiku, tena bila hodi. Unasikia bomba la uani linavuma, linatema hewa, halafu maji yanaanza kuchuruzika membamba kama mkia wa panya. Ni saa nane usiku. Unaamka, unawaamsha watoto wakubwa, mnajaza madumu, ndoo, makarai, jaba la kufulia, mpaka sufuria la pilau. Saa kumi na moja yamekata. Saa kumi na mbili na nusu niko njiani kwenda shule, macho mekundu, kufundisha hisabati darasa la sita. Hiyo hisabati naitaja kwa makusudi, mtaona.

Wiki ambayo maji hayakuja tulinunua. Chini barabarani dumu la lita 20 lilikuwa shilingi 200, lakini mpaka lipandishwe ngazi limfikie mtu wa mlimani linakuwa 500. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa kijana wa madumu hiyo uniti moja ilinitoka shilingi 25,000. Bili yangu ya bomba ya mwezi mzima haikuwahi kufika hapo hata siku moja.

Kwa hiyo kikoba chetu cha walimu kilipovunjwa mwezi wa kumi na mbili, nikatenga 500,000 nikasema hii ni ya tanki. Baba watoto ni dereva wa malori, wiki hiyo alikuwa njia ya Rusumo. Nikampigia. Akasema, "Subiri nirudi tupime kwanza." Nikamwambia sawa. Jumamosi nikaenda mjini peke yangu.

Dukani matanki yamepangwa nje kama wanafunzi kwenye mstari. Muuzaji akaniuliza, "Mwalimu, unataka la lita ngapi?" Nikasema kubwa. Ndivyo nilivyojibu, mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu. Akanionyesha la lita 1,000 na la lita 2,000, akasema tofauti ya bei si kubwa ukilinganisha na ujazo, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Nikabonyeza ubavu, nikaona ni gumu, nikachungulia ndani nikaona ni jeusi, giza tupu. Hilo angalau nilikuwa nalijua: tanki linalopitisha mwanga huota ukijani ndani. Nikachukua la lita 2,000, nikalipa 430,000. Kirikuu cha kulipeleka, 25,000.

Kirikuu kinafika mwisho wa barabara tu. Kutoka pale ni ngazi, na baada ya ngazi ni njia inayopita kati ya mawe mawili makubwa, yale mawe yetu ya Mwanza ambayo hakuna aliyeyapanga na hakuna atakayeyaondoa. Nimepita kati ya mawe hayo miaka tisa. Nimepitisha kitanda, kabati, friji, na siku moja jeneza la baba mkwe. Vijana wanne wakalibeba tanki likiwa tupu, jepesi, wakiimba. Wakafika kwenye mawe, wimbo ukakatika.

"Mayu," mmoja akaniita, "hapa halipiti."

Wakaligeuza. Wakalilaza. Duara ni duara, ukiligeuza linabaki lilelile. Baadaye nilipima kwa futi ya fundi: kipenyo cha tanki sentimita 138, njia sentimita 112. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesimama ubaoni nawachorea watoto duara, nikipiga mstari katikati na kuwaambia kipenyo ndicho upana wake mkubwa kuliko wote.

Likazungushwa kwa uwanja wa jirani wa chini, likafungwa kamba, likavutwa juu ya jiwe huku mtaa mzima ukitoa ushauri. Tulikubaliana 10,000 kila kijana, ikawa 15,000, na walistahili. Sitanii nikisema nililia kidogo jikoni. Lakini lilipofika juu ya ule mwamba mkubwa nyuma ya nyumba, nikasahau. Mwamba ule unazidi uwanja wangu kwa mita sita hivi. Fundi wa kwanza, kijana mchangamfu niliyeletewa na muuza vifaa, aliuangalia akasema, "Mwalimu, wenzako wanatengeneza stendi ya chuma kwa laki nne, wewe Mungu amekupa bure." Akapanga matofali juu ya jiwe, akasawazisha kwa macho, akaweka tanki, akavuta bomba kutoka mita ya maji mpaka juu na jingine kushuka ndani. Bomba, viungio na tepu ya uzi 96,000, ufundi 70,000.

Alifanya kazi yote hiyo mchana, bomba kavu. Hakuna tone lililopita tukaona linafika wapi.

Usiku wa maji ukafika. Nikakaa uani na kanga mabegani nikisikiliza. Bomba likavuma, likatema, koki ya chini ikatoa. Nikapanda kwenye mwamba na tochi ya simu, nikafungua mfuniko, nikamulika. Vumbi, na panzi mmoja. Nikangoja mpaka saa kumi. Maji yalikuwa yanapanda kidogo kwenye bomba kisha yanasimama, hayana nguvu ya kufika. Kulipokucha mama mkwe, aliyekuja kutoka Magu kututembelea, akanikuta najaza madumu kama zamani. Akaangalia juu kwenye tanki, akaangalia madumu, akasema, "Lile la juu ni la kanisa?"

Fundi nikampigia. Akasema dawa ni pampu. Na hapa ndipo nilipopoteza hela kwa ujinga wangu mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Kosa la kwanza, nilinunua pampu ya nguvu ya farasi mmoja kwa sababu boksi liliandikwa linapandisha maji mita 50 na linatoa lita 50 kwa dakika. Nilidhani ni vyote kwa pamoja. Sivyo. Hizo ni ncha mbili: kwenye ule urefu wa mwisho ulioandikwa pampu haitoi hata kikombe, na zile lita nyingi unazipata ikiwa haipandishi chochote. Wewe uko katikati. Mimi nilihitaji mita sita tu na msuguano wa bomba. Nusu farasi ingetosha na kubaki.

Kosa la pili, bei ilikuwa 200,000, muuzaji akaniinamia akasema, "Bila risiti nakupunguzia 15,000." Nikakubali. Nikaondoka na pampu, na kadi ya waranti isiyo na tarehe wala muhuri.

La tatu ni kubwa kuliko hayo. Fundi aliifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita. Usiku wa kwanza ilikuwa raha isiyosemeka. Nikawasha, ikanguruma, nikasikia maji yanaanguka juu kule kama mvua kwenye ngoma. Nililala. Asubuhi jirani wa chini alikuwa mlangoni, hakusalimia hata "mwangaluka" yake ya kila siku.

"Mwalimu, jana mmeyanyonya."

Nikajitetea kwamba kila mtu ana mita yake. Akaniambia koki yake ilikuwa inavuta hewa ndani, ukiweka kiganja kinanata. Nyumba nne za chini hazikupata ndoo. Nikaona aibu, lakini sikuzima. Usiku wa maji uliofuata nikawasha tena, nikajiambia nitajaza haraka kisha nizime, na nikapitiwa na usingizi kwenye kochi.

Nilichoamshwa nacho ni harufu. Kama plastiki na nywele. Maji yalikuwa yamekatika saa tisa, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka alfajiri. Pampu za aina hii hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma, ikikauka inajipika. Nilipoishika iliniunguza vidole. Nikaipeleka dukani. Yule yule aliyenipunguzia 15,000 akaigeuza, akanusa, akasema imeungua kwa kuendeshwa kavu na waranti haihusiki, na hata ingehusika, risiti iko wapi? Sikuwa na la kusema. Nilipanda daladala na ile pampu mapajani kama mtoto mgonjwa.

Wiki mbili nzima sikugusa kitu. Tanki likawa na maji ya nusu, tukayatumia yakaisha, tukarudi kwenye madumu. Nadhani kilichoniuma zaidi ya hela ni jirani kunyamaza. Huku mlimani njia zetu zinapita kwenye viwanja vya watu, ukigombana na mtu wa chini umegombana na njia yako.

Aliyetuokoa ni fundi bomba mzee, amestaafu, rafiki wa marehemu baba mkwe. Mama mkwe ndiye aliyemkumbuka. Alikuja jioni, akanywa chai, wala hakukimbilia juu. Akauliza, "Mwanangu, mko wangapi ndani?" Watano, sita mama akiwepo. "Kwa siku mnamaliza madumu mangapi?" Nikahesabu na watoto: manane, siku ya kufua kumi na mawili. "Na maji yanakuja kila baada ya siku ngapi?" Tatu, nne.

Akaniachia kalamu, anajua mimi ni mwalimu. Madumu manane ni lita 160. Mara siku nne, lita 640. Ongeza siku ya kufua na wageni, lita 800. Tanki la lita 1,000 lilitosha. Lile lilelile lililokuwa pembeni dukani, ambalo kwa kipenyo chake lingepita kati ya mawe vijana wakiimba. Nilitamani kumtupia mtu kikombe, lakini mtu mwenyewe ni mimi.

Kisha akasema atalala kwetu usiku wa maji. Alikuja na mpira mrefu wa kuona ndani, mita kumi hivi. Saa nane bomba lilipovuma akaufunga mpira kwenye koki ya uani, akasubiri hewa iishe, akanipa mche mrefu wa mbao nishikilie nao ncha ya juu ya mpira huku yeye akimulika. Maji yakapanda ndani ya mpira, yakapita kiuno changu, yakapita kichwa, yakafika kimo cha linta ya dirisha na shibiri moja, yakasimama. Yakatetemeka pale pale kama yanafikiri. "Basi," akasema. "Hapo ndipo presha yako inapoishia. Mita mbili na kidogo." Akanieleza kwamba presha ya baa moja hupandisha maji kimo cha mita 10 hivi, kwa hiyo mimi sikuwa na hata robo ya baa. Kipimo chote kilichukua dakika kumi na hakikugharimu shilingi. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya laki nane kujua jambo lilelile.

Kuhusu pampu kwenye bomba la mtaa hakunikaripia, alinionyesha. Tulishuka mpaka mahali bomba linapopita wazi kando ya mtaro, akamulika kiungio kinachovuja. Maji yakiwa na presha yanatoka pale kwenda mtaroni. Ukivuta kwa pampu, bomba linakuwa na njaa, na cha mtaroni kinaingia. Nikakumbuka mtoto wangu wa mwisho alivyoharisha wiki ile ya raha. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Ila nilikaa kimya njia nzima ya kurudi.

Mpango wake ulikuwa huu. Tanki dogo la lita 500 likae chini karibu na geti, mahali ambapo maji ya mtaa yanafika yenyewe kwa nguvu yake, kila mtu akipata chake. Pampu ya nusu farasi ivute kutoka kwenye hilo dogo, si kwenye bomba, ipeleke juu ya mwamba. Juu ya pampu valvu ya njia moja, ili ikizimwa maji ya juu yasirudi. Ndani ya tanki dogo swichi ya boya, ambayo maji yakishuka sana inakata umeme. Hiyo swichi ni kitu kidogo chenye waya, bei yake haifiki hata robo ya pampu iliyoungua.

Halafu akapanda juu na kuyaona matofali. Alikaa kitako. "Lita moja kilo moja," akasema. "Elfu mbili ni tani mbili. Ungepanga mifuko 40 ya saruji juu ya matofali haya, kwenye jiwe linaloteremka, juu ya chumba wanacholala wajukuu zangu?" Tukalishusha, akamwaga zege la kusawazisha lenye ukingo, kitako kizima cha tanki kikakaa, hakuna upande unaoning'inia. Saruji, mchanga, kokoto na kuvipandisha vilinitoka 110,000, na sehemu kubwa ni kuvipandisha. Mlimani usipige bei ya saruji peke yake, piga na bei ya mgongo utakaoibeba.

Tanki dogo 140,000, pampu ya pili 160,000 na risiti ya EFD mkononi, valvu, swichi na boya 68,000, ufundi wake 120,000 ambao alikuwa anaukataa. Umeme niliuogopa sana, maana sisi ni wa lile kundi la bei nafuu lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Kumbe pampu nusu saa mara mbili kwa wiki haifiki uniti tatu kwa mwezi.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya Jumanne maji yakaja saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, mimi nikiwa shuleni. Boya la kufunga maji kwenye tanki dogo nilikuwa nimelichagua mwenyewe, la plastiki, la bei ya chini kuliko yote, mzee akaguna lakini akalifunga. Likanasa. Tanki likafurika, na bomba la kumwaga ziada tulikuwa hatujaliweka. Maji yakashuka jiwe kwa jiwe mpaka kwa jirani wa chini, ambaye asubuhi ile alikuwa ameanika dagaa wake wa kuuza. Sado tatu zikasombwa. Nililipa 42,000 bila kubishana, nikanunua boya la shaba, na bomba la ziada sasa linaelekezwa kwenye jaba la kufulia. Ajabu ni kwamba dagaa hao ndio waliotupatanisha. Nilipompelekea hela alicheka, akasema, "Mwalimu, kwanza uliyanyonya, sasa umeyarudisha yote siku moja."

Ukijumlisha kila kitu, pamoja na dagaa, ni 1,506,000. Nilitenga 500,000. Pampu ya kwanza, fundi wa kwanza na dagaa peke yao ni 297,000 zilizokwenda na maji, na hapo sijagusa ukubwa wa tanki nisiouhitaji. Baba watoto aliporudi alizunguka, akaangalia juu, akaangalia chini, akauliza, "Mlipima?" Nikamwekea chakula.

Sasa naosha matanki yote mawili kila baada ya miezi mitatu, bomba la kutolea maji limekaa juu kidogo ya kitako ili tope libaki chini, na mifuniko nimeifunga kwa waya kwa sababu ya mbu na ya mtoto wa mwisho. Bomba jeusi linaloshuka kwenye mwamba linapigwa na jua, kwa hiyo saa nane mchana maji ya kuoga yanatoka ya moto kabisa. Hilo hatukulipanga. Mama mkwe alipoondoka aliniacha na madumu manne yamejaa nyuma ya mlango, akasema yasiguswe, na sijayagusa.

Wiki iliyopita jirani wa chini amenigongea. Na yeye kikoba chao kimevunjwa, anataka tanki, ameshaoneshwa moja la lita 3,000 kwa bei nzuri. Nikamwambia aingie, tukahesabu madumu yake kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mwanangu. Usiku wa maji nikashuka na mpira niliouazima kwa mzee, nikaufunga kwenye koki yake, yeye akashika mche. Yakapanda, yakapita kiuno chake, yakapita kichwa, yakaendelea mpaka bati la jiko, na bado yanasukuma.

"Kumbe mimi ninayo," akasema kwa sauti ndogo, ili nyumba ya pili wasisikie.

Nikatoa futi mfukoni, tukaenda kupima mlango wake wa uani.